Makengeza kwa watoto: maswali tunayoulizwa na wazazi wa Moshi na Arusha

Maswali haya ni yale ambayo wazazi huyarudia kila wiki kwenye benchi la kliniki ya macho. Wengi wao wametoka Rombo, Same, Hai, Monduli au Karatu, na wengine wameshafika hospitali mbili tatu kabla ya kupata jibu. Majibu yanaeleza jinsi makengeza yanavyotambuliwa na yanavyotibiwa, lakini hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mtoto wako na kumwangalia kwa macho yake.

Makengeza ni nini hasa?

Ni hali ya macho mawili kutotazama mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kila jicho lina misuli sita inayolizungusha, na misuli hiyo yote kumi na miwili huongozwa na jozi tatu za mishipa ya fahamu kutoka kwenye ubongo ili macho yatembee kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Jicho moja likitoka kwenye nira hiyo, linaweza kuelekea puani, kuelekea sikioni, kupanda juu au kushuka chini. Kwa watoto wengine hali hiyo ipo muda wote, na kwa wengine hutokea tu wanapochoka, wanapougua au wanapotazama mbali. Yale yanayotokea mara moja moja ndiyo huwafanya wazazi wajitilie shaka, hasa mtoto anapofika kwa daktari na macho yakawa yamenyooka kabisa. Ukiyaona nyumbani, mpige picha au video ya simu na uje nayo.

Mwanangu ana miezi miwili na macho yake hupishana. Je, ni tatizo?

Katika miezi ya mwanzo macho ya mtoto hupishana mara kwa mara kwa sababu ubongo bado unajifunza kuyaongoza, na kwa kawaida hali hiyo hutulia kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Jicho likiendelea kupinda baada ya hapo, au likiwa limepinda muda wote bila kunyooka hata mara moja, mlete bila kusubiri.

Niliambiwa kwamba si makengeza, ni umbo la pua tu. Je, inawezekana?

Inawezekana, na hutokea mara nyingi. Mtoto mdogo mwenye pua pana na bapa juu, na mwenye mkunjo wa ngozi unaofunika kona ya ndani ya jicho, huonekana kama anatazama puani ilhali macho yake yamenyooka. Njia rahisi ya kutofautisha ni mwanga: mwelekeze tochi ndogo usoni kutoka mbele, kisha tazama doa jeupe linalong'aa kwenye kila jicho. Doa likiwa katikati ya mboni kwenye macho yote mawili, huenda ni umbo la uso tu. Likiwa katikati upande mmoja na pembeni upande mwingine, hayo ni makengeza. Hata hivyo, kipimo cha tochi nyumbani hakitoshi kumruhusu mtoto aende zake, kwa kuwa makengeza madogo hayaonekani kwa njia hiyo.

Bibi yake anasema akikua yataondoka yenyewe. Je, tusubiri?

Hili ndilo swali lenye madhara makubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na tungeomba bibi naye asomewe jibu lake.

Macho yanapotazama pande mbili tofauti, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo huona vitu viwili viwili na hulalamika siku hiyo hiyo. Ubongo wa mtoto hufanya jambo jingine: huifuta picha ya jicho lililopinda na kubaki na picha ya jicho zima. Mtoto halalamiki, hajikwai, anacheza mpira kama wenzake, na nyumbani hakuna anayejua kwamba jicho moja limeachwa nyuma. Miezi ikipita, njia za fahamu za jicho lile hudumaa. Hali hii huitwa ambliopia, na wengi hapa huiita jicho vivu, ingawa jicho lenyewe halina uvivu wowote: ukilipima peke yake utakuta konea (kioo cha mbele cha jicho) ni safi, lenzi ni safi na retina (utando wa nyuma unaopokea picha) ni nzima, lakini mtoto haoni vizuri kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia. David Hubel na Torsten Wiesel, waliochunguza kwa wanyama jinsi ubongo mchanga unavyoharibika pale jicho moja linapofungwa, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na kazi yao ni miongoni mwa sababu zinazotufanya tuwasihi wazazi wasisubiri.

Ubongo hukubali kufundishwa upya kwa urahisi katika miaka ya kwanza, na uwezo huo hupungua sana kuanzia miaka saba au minane. Wapo wakubwa zaidi wanaonufaika, lakini kwa jasho zaidi na kwa matokeo madogo zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa leo na mtoto yuleyule akiletwa anapoanza darasa la nne ni wagonjwa wawili tofauti, hata kama jicho limepinda kiasi kilekile. Yapo makengeza machache yanayopungua kadiri mtoto anavyokua. Tatizo ni kwamba uoni uliopotea wakati wa kusubiri haurudi pamoja nayo.

Yanasababishwa na nini? Wengine wanasema mama alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito.

Mama hakukosea chochote kwa kutazama, wala mtoto hakupinda macho kwa kuigiza mwenzake shuleni, wala kwa kubebwa mgongoni upande mmoja. Makengeza hurithiwa katika familia nyingi, na ndiyo maana daktari atauliza habari za baba, shangazi na wajomba. Huwapata zaidi watoto waliozaliwa njiti, waliopata shida wakati wa kuzaliwa, wenye mtindio wa ubongo na wenye ugonjwa wa Down. Kundi kubwa lina sababu ya macho yenyewe: jicho fupi kuliko kawaida hulazimika kujikaza ili lione vizuri, na kujikaza huko huyavuta macho yote mawili kuelekea puani. Kwa baadhi ya watoto hapatikani chanzo kinachoweza kunyooshewa kidole.

Ni dalili zipi ambazo haziwezi kusubiri hata wiki moja?

Ya kwanza ni weupe ndani ya mboni, ule ambao wazazi huuona jioni kwenye mwanga wa taa au kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, jicho moja likiwa jekundu na lingine likiwaka jeupe au la njano kama la paka. Unaweza kuwa mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi) wa kuzaliwa nao, ambaye hutakiwa kutolewa katika wiki za mwanzo za maisha ili ubongo upate kujifunza kuona. Unaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Makengeza ni dalili ya pili inayoonekana mara nyingi katika saratani hiyo baada ya weupe, na hii ndiyo sababu hakuna mtoto mwenye makengeza anayepaswa kurudishwa nyumbani kabla ya mboni kutanuliwa kwa dawa na sehemu ya nyuma ya jicho kutazamwa. Tunasisitiza hapa kwa sababu retinoblastoma ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ikishatoka nje, hali huwa ngumu sana.

Ya pili ni jicho linaloonekana kubwa kuliko mwenzake, linalotiririka machozi na kuogopa mwanga, kwa maana presha ya macho huwapata hata watoto wachanga. Ya tatu ni makengeza yaliyotokea ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, hasa yakiambatana na maumivu ya kichwa, kutapika asubuhi, kusinzia kupita kiasi au kope kulegea. Hapo shida inaweza kuwa ndani ya kichwa, na mahali pa kwenda ni hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja siku ya kliniki.

Mwanangu hajui kusoma herufi. Daktari atampimaje?

Kwa uvumilivu, na mara nyingi akiwa amepakatwa na mama. Mtoto mchanga hupimwa kwa kuangalia kama anafuata uso au kitu chenye rangi kali, na kama anakasirika jicho moja linapozibwa. Anayepokea kuzibwa kwa jicho la kushoto lakini analia na kusukuma mkono linapozibwa la kulia ameshatuambia lipi analolitegemea. Kuanzia karibu miaka mitatu hutumiwa picha, au herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, naye huonyesha kwa vidole mikono ya E inaelekea wapi.

Kisha hufuata kipimo cha kuziba na kuzibua, ambacho ndicho moyo wa uchunguzi wote. Mtoto hutazama kitu kidogo, daktari huziba jicho moja na kuangalia kama lile lililo wazi linasogea ili kukishika kile kitu. Likisogea, halikuwa likitazama hapo kabla. Ukubwa wa mpindo hupimwa kwa kuweka mbele ya jicho vipande vya kioo vyenye umbo la kabari, viitwavyo prizimu, hadi msogeo ukome. Namba ya prizimu hiyo ndiyo atakayoitumia mpasuaji kukokotoa milimita za msuli.

Mwisho ni kupima miwani baada ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho kwa matone. Huwezi kuamini namba za miwani za mtoto mwenye makengeza bila matone hayo, na kwa macho yenye rangi nzito kama ya watoto wetu wengi dawa huchukua muda zaidi kushika. Saiklopentoleti hutiwa palepale kliniki, na atropini huweza kuanza kutiwa nyumbani siku chache kabla. Ukitia atropini, bana kona ya ndani ya jicho kwa dakika moja au mbili, nawa mikono, na uiweke chupa mbali na watoto wengine, kwani ni sumu ikimezwa. Uso ukiwa mwekundu, mwili ukipata joto na mdomo ukikauka, acha dawa na umpeleke hospitali.

Je, ni kweli miwani peke yake inaweza kunyoosha macho?

Ndiyo, kwa yale makengeza ya kuelekea puani yanayotokana na jicho fupi linalojikaza, ambayo mara nyingi huanza kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Miwani ikibeba kazi ya kujikaza, macho hunyooka. Ikivuliwa, hupinda tena. Wazazi wengi huona kurudi huko na kudhani miwani imeyaharibu macho, kisha huificha kabatini. Tafadhali usifanye hivyo. Mtoto huyo anahitaji miwani tangu anapoamka mpaka anapolala, na hahitaji kisu.

Kiraka cha kuziba jicho kivaliwe muda gani, na kwa nini linazibwa jicho zima badala ya bovu?

Jicho zima huzibwa ili ubongo ulazimike kulitumia lile lililoachwa nyuma. Kwa ambliopia ya kiasi, tafiti zilizofanyika Marekani zilionyesha kwamba saa mbili kwa siku zilitoa matokeo sawa na saa sita, jambo lililowapunguzia wazazi mzigo mkubwa. Ambliopia kali huweza kudai saa sita au zaidi. Kiraka hubandikwa kwenye ngozi chini ya miwani. Kikibandikwa juu ya kioo, mtoto hujifunza ndani ya dakika tano namna ya kuchungulia pembeni. Wakati wa kukivaa apewe kazi ya karibu, kama kuchora, kuchambua maharage, kuhesabu vifuniko vya soda. Asiyekubali kiraka kabisa anaweza kutiwa atropini kwenye jicho zima ili lififie kidogo, njia ambayo nayo imethibitika kufanya kazi kwa ambliopia ya kiasi.

Tukiri kwamba hii ndiyo sehemu ngumu ya matibabu yote. Upasuaji huisha siku moja, lakini kiraka ni ugomvi wa kila siku kwa miezi, pamoja na kejeli za wenzake njiani. Mweleze mwalimu wake mapema. Na usikose tarehe za kurudi, kwa kuwa jicho zima likizibwa mno bila kuangaliwa linaweza nalo kufifia.

Upasuaji unafanyika lini?

Kwa kawaida baada ya miwani na kiraka kufanya vilivyoweza. Mtoto aliyepinda macho kuelekea puani kabla ya miezi sita, kwa mpindo mkubwa, ni tofauti: huyo hupendekezwa kufanyiwa upasuaji mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili, ili apate nafasi ya kujifunza kuyatumia macho yote mawili pamoja. Anayepinda kuelekea nje mara moja moja anaweza kufuatiliwa kwa muda, na kisu huja pale mpindo unapoanza kutawala siku nzima.

Je, ni kweli jicho hutolewa nje, likarekebishwa kisha likarudishwa?

Hapana, na tungependa uvumi huu uishe. Jicho halitoki mahali pake hata kidogo, wala mpasuaji haingii ndani yake. Kope hushikiliwa wazi kwa kifaa, utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho hukatwa kidogo, na msuli hushikwa kwa ndoano. Msuli wa upande wa pua umeshikizwa kwenye jicho takriban milimita 5.5 kutoka ukingo wa konea. Jicho likivutwa puani, msuli huo hukatwa pale ulipojishikiza na kushonwa nyuma zaidi kwa milimita chache, hivyo hulegea kama kamba ya mbuzi iliyosogezewa mti. Msuli dhaifu nao hufupishwa ili uvute zaidi. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Kazi yote kwa kawaida huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kutegemea idadi ya misuli, na mara nyingi macho yote mawili huguswa hata kama moja tu ndilo lililoonekana kupinda, maana kinachosawazishwa ni nira yenyewe.

Upasuaji huu si mgeni duniani: Johann Friedrich Dieffenbach aliufanya Berlin mwaka 1839 kwa mvulana wa miaka saba, kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika. Watoto wetu, kwa bahati njema, hulala.

Dawa ya usingizi ni salama kwa mtoto mdogo?

Kwa mtoto mwenye afya, hatari yake ni ndogo, lakini ipo, na daktari wa usingizi atakuhoji kabla. Mwambie kama mtoto ana kikohozi au homa, kama ana tatizo la moyo au sikoseli, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida akiwa kwenye nusu kaputi. Usimpe chakula wala maziwa ya ng'ombe kwa saa sita kabla; maziwa ya mama husimamishwa saa nne kabla, na maji matupu saa mbili. Kuvuta misuli ya jicho kunaweza kupunguza mapigo ya moyo kwa muda mfupi, jambo ambalo timu hulitarajia na kulisimamia. Mtoto aliyepewa uji kwa siri asubuhi na shangazi mwenye huruma ataahirishiwa upasuaji, kwani chakula kikipanda na kuingia kwenye mapafu kinaweza kumuua.

Baada ya upasuaji tutarajie nini?

Macho mekundu kwa wiki kadhaa, machozi yenye damu kidogo siku ya kwanza, na kutapika mara moja mbili kutokana na dawa. Wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Utapewa matone ya jicho; asiogelee, asicheze kwenye vumbi, wala asisugue macho kwa wiki mbili hivi. Anaweza kuona viwili viwili kwa siku chache. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kope kuvimba sana, usaha au uoni kushuka ni sababu za kurudi mara moja bila kungoja tarehe.

Mbona amefanyiwa upasuaji na bado anavaa miwani na kiraka?

Kwa sababu kisu hunyoosha jicho, lakini hakiufundishi ubongo kuona. Jicho vivu likinyooshwa na kuachwa, litabaki jicho vivu lililonyooka, na mara nyingi huanza kupinda tena kwa kuwa halina kazi. Zaidi ya hayo, karibu mtoto mmoja kati ya watano huhitaji upasuaji wa pili wakati fulani. Kurudiwa hakumaanishi kwamba wa kwanza uliharibiwa. Mpasuaji hupima kwa milimita, lakini ubongo ndio unaoamua macho yakae wapi.

Mtoto wetu ana ualbino, na macho yake huchezacheza na pia yamepinda. Atibiweje?

Kuchezacheza kwa macho na makengeza ni sehemu ya ualbino kwa watoto wengi, kwa kuwa sehemu ya katikati ya retina haikukomaa na nyuzi za fahamu hupita njia tofauti kuelekea ubongoni. Anahitaji kupimwa miwani mapema, miwani yenye rangi ya kupunguza mwanga, kofia pana, na kiti cha mbele darasani. Akigeuza au kuinamisha kichwa ili aone vizuri, mwalimu asimlazimishe kukinyoosha. Upasuaji wa misuli huweza kupunguza mpindo au mgeuko wa kichwa, ila hauleti uoni kamili.

Nina miaka 28. Je, nimechelewa?

Kwa kunyoosha macho, hapana. Upasuaji hufanyika katika umri wowote, na mtu mzima huweza kujisikia tofauti kabisa akikaa mbele ya watu kwenye usaili wa kazi. Kwa kurudisha uoni wa jicho lililodumaa tangu utoto, usitegemee. Ukiwa mtu mzima na makengeza yameanza juzi, hiyo ni habari nyingine ya dharura.

Tuanzie wapi, na tuje na nini?

Anzieni zahanati au kliniki ya mama na mtoto mnakopima uzito, mpate barua ya rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa ni Mawenzi kwa Kilimanjaro na Mount Meru kwa Arusha, na hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini ni KCMC hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kama mna bima, ulizeni mapema inalipia nini kati ya miwani, vipimo na upasuaji, kwa sababu si kila kadi inalipa sawa.

Njooni na kadi ya kliniki, miwani ya zamani hata kama imevunjika, na picha za mtoto tangu alipozaliwa, kwani picha ya ubatizo au ya sherehe ya kwanza huweza kuonyesha makengeza yalianza lini. Aje mzazi au mlezi anayeweza kusaini ridhaa ya matibabu. Mleteeni mtoto kitu cha kula, kwa kuwa matone yatachukua muda, na kofia ya kurudi nayo, maana mboni zikiwa zimetanuliwa jua la saa saba humuumiza macho njiani hadi kituo cha daladala.